Seti ya Chuma cha Mabomba

Ofisini walimwita Kufuli, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kutunza ghala la sifa ndani ya kompyuta. Usidhani ni ghala la magunia. Kila chuma, kila zege, kila ubao ulikuwa na seti yake humo, yenye jina: uzito wake, nguvu yake, unavyopinda, unavyotanuka ukipata joto. Mhandisi akitaka kulijaribu jengo kwenye kompyuta kabla halijajengwa, haandiki namba upya. Anachukua seti, anaiambatisha, basi. Ni kama ile karatasi ya kukatia nguo ya fundi cherehani: karatasi moja, sare mia. Ukiipunguza karatasi kidole kimoja, watoto mia wanabanwa makwapa.

Ndiyo maana Kufuli alikuwa na sheria moja, kaiandika kwa kalamu nene akaibandika ukutani: NAKILI KWANZA, IPE JINA LAKE, NDIPO UBADILISHE. Watu waliipita kama wanavyopita tangazo la mwaka juzi.

Jumatatu asubuhi, hata chai haijapoa, aliifungua seti ya chuma cha mabomba akaona namba ya nguvu inasoma mia tatu hamsini na tano. Siku zote ilikuwa mia mbili thelathini na tano. Kompyuta haina haya ya mtu, huandika nani kagusa na lini. Ilikuwa Jumatano iliyopita, mhandisi wa mapaa.

Akamfuata mezani kwake.

"We baba, umeifanya nini seti ya mabomba?"

"Aa, Kufuli, mapema yote hii! Paa langu linatumia bomba za chuma kigumu. Nimeweka namba yake. Kosa langu nini?"

"Namba hukukosea. Ulitakiwa unakili. Umemgusa mama mwenyewe, na ana watoto wanne wananyonya."

Jamaa alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Majengo manne yalikuwa yameambatishwa na seti ile. Paa lake lilistahili namba mpya. Ngazi ya shule na kivuko cha waenda kwa miguu vilipigiwa hesabu zamani, kwa namba ya kale. Lakini mnara wa tangi la maji la hospitali ulipigiwa hesabu Alhamisi, kwa namba mpya, na bomba zake, za chuma cha kawaida, zilikuwa zimeshalazwa kiwanjani zikingoja kuchomelewa.

Kufuli hakupiga kelele. Aliirudisha namba ya zamani, akaliundia paa nakala yake yenye namba mpya, akaupiga hesabu mnara upya. Dakika kumi. Mnara uliokuwa kijani tupu, rangi ya usalama, ukaiva machoni pake: miguu miwili, ile ya upande upepo unakosukumia, myekundu kama pilipili.

Mkuu wa ofisi alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama yake tumbo moja, aliyemlea tangu yuko darasa la kwanza. Bahasha ya michoro ya mnara ilikuwa mezani kwake. Msimamizi wa ujenzi angeijia saa nane. Ilikosa sahihi moja tu, ya mtunza ghala, kuthibitisha kwamba sifa zilizotumika ni za kweli.

Kufuli akaingia kumweleza. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka kufunga mlango.

"Irudishe ile namba kubwa. Nimesimama mbele ya watu wa hospitali nikawaambia kazi imekwisha. Sasa niende niseme tulipotea?"

"Ndiyo, mjomba. Useme."

"Kuna akiba ya usalama, mwanangu. Tangi halitaanguka."

"Akiba ile ni ya upepo tusioujua. Si ya kosa tunalolijua."

"Mkono usioweza kuukata, ubusu. Wahenga hawakuwa wajinga."

"Wahenga hawakulazwa wodini chini ya tani hamsini za maji."

Mjomba alivua miwani. "Nani alikushika mkono akakuleta humu?"

"Wewe. Ulinishika mkono, mjomba. Hukunifumba macho."

"Basi lete neno la siri la ghala. Nitafanya mwenyewe!"

Kufuli akaliandika kwenye kikaratasi, akakisukuma mbele yake. "Hili hapa. Ila kompyuta itaandika jina lako na saa. Na hapo kwenye sahihi utaweka yako. Yangu hamna."

Mjomba alikitazama kikaratasi kile kama mtu aliyewekewa nge kwenye sahani. Hakukigusa. Wala yeye Kufuli hakuondoka. Walikaa hivyo, kila mmoja na kiburi chake, na damu ni ile ile.

Saa nane kasoro msimamizi wa ujenzi akaingia, mama wa makamo, buti zimeganda saruji.

"Bahasha yangu iko wapi? Nina wachomeleaji sita wamekalia bomba tangu asubuhi."

Mjomba alifungua mdomo, Kufuli akamuwahi.

"Hakuna bahasha, mama. Miguu miwili ya mnara haitoshi. Msichomelee kitu."

Yule mama akamgeukia mkuu. "Mkubwa, ndivyo?"

Mjomba akatazama dirisha, akatazama kikaratasi.

"Ndivyo," akasema, sauti imezama tumboni.

"Mngesema juzi ningewashukuru. Leo nawanunia tu. Bora kuliko kuniambia nikiwa nimeshapanda juu yake." Akatoka, buti zinadondosha vumbi.

Mjomba alingoja hatua zake ziishe koridoni.

"Umenivua nguo mbele ya watu. Kesho usije."

"Kesho nitakuja saa moja na nusu. Kuna miguu ya kunenepesha. Ukitaka kunifukuza niandikie barua, na sababu uiandike humo humo, wasomaji waione."

Usiku ule Kufuli akalala usingizi wa mang'amung'amu, asikufiche mtu. Lakini saa moja na nusu alikuwa mezani. Barua haikuwapo. Mhandisi wa mapaa alikuwa amemtangulia, ananakili seti zake moja moja, kimya kama mwari.

Mjomba akapita.

"Shikamoo, mjomba."

Mjomba akapita moja kwa moja, salamu ikabaki hewani. Kufuli akasubiri afike mlangoni pake, akamwamkia tena, safari hii ofisi nzima ikasikia. Kisha akaongeza unene wa bomba za miguu, akabonyeza hesabu ianze.