Kisima cha Ami Basu

Tuda alipoiambia familia kwamba ameamua kubobea katika sheria ya mazingira na maliasili, ami yake Basu alicheka mpaka chai ya mnanaa ikampalia.

"Wakili wa mitende! Sasa mtende utakulipa nini? Soma mambo ya talaka, mwanangu. Huko hakuna ukame."

Tuda akarudi chuoni Agadir, kusini mwa Moroko. Kila likizo ami alimuuliza kama mtende umeshinda kesi.

Mwezi wa nne ami akampigia simu, anahema. "Njoo! Kisima changu kimekauka. Huyu jirani Uasu amechimba mita mia na hamsini, kaninyonya maji yote. Matikiti yangu yanakufa. Mshtaki!"

Tuda akashinda kutwa ndani ya basi. Alipofika hata hakuketi.

"Ami, nionyeshe kibali cha kisima chako."

"Kibali gani? Ardhi ya babu yako, nimuombe nani?"

"Maji ya chini ni mali ya umma! Nikimshtaki Uasu, swali la kwanza watakalokuuliza ni hilohilo."

"Basi usiwaambie."

"Pampu yako inasikika mpaka sokoni, ami!"

Akamwendea Uasu. Naye hakuwa na kibali, wala haya. "Mimi nilikuwa na mita thelathini zangu," alisema. "Ami yako akaenda themanini, changu kikakauka. Ulitaka nimwagilie kwa mate?"

Muda si mrefu wazee wawili wakawa wanaitana wezi juu ya ukuta wa udongo, Tuda katikati, kichwa kinamgonga.

"Nyamazeni!" alipiga kelele. "Wote wawili! Visima vya nyumbani vimekauka kijiji kizima, nyinyi mnagombania matikiti!"

Usiku huo aliandika malalamiko kwa niaba ya kaya zilizokosa maji ya kunywa. Akaorodhesha pampu zote, ya ami yake ikiwa ya kwanza. Basu alipoyasoma aliitupa uani kalamu aliyopewa atie sahihi. Mkewe, Ijja, aliyekuwa akipanga foleni ya maji ya lori kwa wiki ya tatu, akaenda akaiokota, akatia sahihi. Wanawake kumi na tisa wakamfuata.

Maafisa wa maji walikuja baada ya siku arobaini, wakazifunga pampu kwa lakiri, za Basu na Uasu zikiwemo, mpaka wenyewe wajiandikishe na wakubali kupimiwa maji. Sikukuu ikaja ikapita, ami hakumsemesha Tuda neno. Iliuma. Ami huyohuyo ndiye aliyemlipia nauli ya basi la kwanza kwenda chuo.

Kisha, Tuda akiwa maktabani akijiandaa kwa mtihani wa marudio, simu ikatetemeka. Ilikuwa picha ya fomu ya kujiandikisha, imepigwa kichwa chini, na sauti ya ami, kavu:

"Hapa pa kina cha kisima, niandike nini?"

Tuda akatoka nje, akampigia. "Andika ukweli, ami."

"Ukweli?" Basu akafyonya. "Miaka mitano ya chuo, na hilo ndilo walilokufundisha?"