Watu wa Matumbo Mawili

Katunge alikuwa anapepeta ndengu uani wakati mashua ya mume wake ilipopanda kutoka bondeni. Alivuta turubai lake kando, kwa sababu vumbi la mashua huingia kwenye nafaka, kisha akaendelea kupepeta. Kitheka alishusha tanga karibu na boma la mbuzi, akafunga kamba kwenye mti wa mukau, akaja kuketi juu ya kigoda. Nguo zake zilikuwa zinadondosha maji, kama kila jioni tangu azame.

"Umeshindaje?" Katunge akamuuliza.

"Salama. Lakini upepo wa Ikutha hauna adabu."

Akamwekea bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Wafu hawali, ila hupenda kuwekewa. Kukipambazuka Kitheka angekuwa ameshaondoka, kuku wangepewa kile chakula, na uani kungebaki mistari miwili iliyonyooka vumbini. Mwanzoni jirani yake, Mutindi, alikuwa amelalamika: "Mama Nduku, mwambie baba Nduku apitie njia ya ng'ombe. Kunde zangu zimelala zote." Katunge akamwambia, naye tangu siku hiyo akawa anapitia njia ya ng'ombe.

Chini ya vilima vya huko kuna bwawa, na wanaume wa pale huvua kwa mashua za tanga. Karibu zote zina tumbo moja, pana katikati, na ubao mrefu chini unaoshika maji. Upepo ukivuma huegemea upande mmoja, na wenyewe huning'inia upande wa pili wakipiga kelele za furaha. Kitheka na rafiki yake Mutisya ndio peke yao waliochonga mashua za matumbo mawili, membamba, yaliyounganishwa kwa miti, na katikati wavu wa kamba wa kukalia.

"Hicho ni kitanda," Mulwa, mwenyekiti wa wanamashua, alikuwa akisema. "Chombo kisichoegemea si chombo. Mtu atajuaje kama anasafiri au amelala?"

Kitheka alikuwa akiweka kikombe cha chai juu ya wavu, anapita mbele yao na upepo wote wa Agosti, na chai haimwagiki. "Ninyi mna mguu mmoja," aliwajibu, "ndiyo maana mnayumba kama watu wametoka kwa pombe."

Watu walicheka. Lakini Katunge ni mtu wa kutazama. Jumapili baada ya ibada, wanamashua walikuwa wakisimama pamoja kwenye ua wa kanisa na kuitana watoto wa tumbo moja, kama ndugu waliozaliwa na mama mmoja. Kitheka na Mutisya walisimama kando, penye baiskeli. Walisema wao hawana haja na kelele za wale, wao ni watu wa aina yao. Na wakati wote huo Kitheka alikuwa anatazama mikono ya wale wengine, jinsi walivyokuwa wakionyeshana upepo.

Siku ya kuzama kwake upepo uligeuka ghafla, mashua ikapinduka katikati ya bwawa. Mashua ya matumbo mawili ikishapinduka haijigeuzi tena, lakini pia haizami. Kitheka alipanda juu ya matumbo, akavua shati, akalipunga. Wanamashua walikuwa ufukweni wanashona nyavu. Walimwona. Mutisya alikuwa sokoni siku hiyo. Mulwa alisema, "Kitanda hakizami. Upepo utamleta." Akaendelea kushona. Alisema kweli, kwa maana asubuhi upepo uliileta mashua, nzima kabisa, na shati limefungwa kwenye mti wake mmoja. Mwili haukuonekana.

Sasa, pale bwawani wana desturi. Kabla ya mvua za vuli mwenyekiti husimama ufukweni na kuita waliozama, jina kwa jina, na kila mmoja huitika "Naam" kutoka chini ya maji. Aliyeitwa hupumzika. Asiyeitwa hana pa kutua. Kitheka hakuitwa. Kwa hiyo mashua yake ikaendelea kutembea, na kwa vile haihitaji maji mengi, ikatembea hata pasipo na maji.

"Mimi si nakuita kila jioni?" Katunge alimuuliza wakati mmoja.

"Wewe unaniita nije kula," Kitheka akasema.

Mutisya hakungoja yampate. Alikata mashua yake katikati kwa msumeno. Tumbo moja alilipanua akalifanya chombo, wanamashua wakampokea. La pili ng'ombe wake wananywea maji.

Katunge alivaa kitambaa chake cha Umoja wa Wanawake, akaenda kwa Mulwa. Alimkuta anapaka mashua lami.

"Mwenyekiti, nimekuja kwa jina la marehemu."

"Karibu, mama. Lakini sisi tunaita wanamashua. Marehemu, Mungu amlaze pema, alikuwa na kitanda."

"Bwana Yesu alitembea juu ya maji bila chombo chochote. Yeye naye hamngemwita?"

Mulwa alifikiri akiwa ameshika brashi. "Yule hangekuwa na shida na sisi," akasema. "Dhoruba ilimkuta amelala kwa chombo cha tumbo moja."

Mwaka huo mvua ya masika haikunyesha. Bwawa lilipungua mpaka likabaki tope na maji ya kufika kifundo cha mguu. Mashua za tumbo moja zililala ubavu kama ng'ombe wagonjwa. Waliozama wakabaki wameketi nje katikati ya tope, wenye aibu, wakijifunika kwa majani. Siku ya kuita ilipokaribia walikuwa mbali mno na ufuko kusikia majina yao, na mtu aliye hai akikanyaga lile tope linammeza hadi kiunoni.

Mulwa alikuja jioni, kofia mkononi. Kitheka alikuwa ameketi kwenye kigoda chake.

"Kuna ndugu yangu Kaloki kule topeni," Mulwa akasema, akimwangalia Katunge. "Kile chombo cha huyu kinateleza juu ya tope."

"Leo kimekuwa chombo," Katunge akasema. "Na yeye, ataitwa?"

"Tutaona, mama."

"Hiyo si 'ndiyo'."

"Nimesema tutaona."

Kitheka alikuwa ameshasimama, anafungua kamba. "Watu wako kwenye tope, Katunge," akasema.

Siku ya kuita, watu wote walisimama ufukweni na nguo za kanisani. Mashua ya matumbo mawili ilikuja juu ya tope bila kuegemea, imejaa. Wafu walikuwa wamebanana juu ya wavu, na wote walikuwa wamempa Kitheka mgongo. Mutisya alikuwa katikati ya wale wa ufukweni, anatazama viatu vyake.

"Watoto wa tumbo moja, itikeni," Mulwa akasema, akaanza. Kila jina lilijibiwa. Alipofika kwa ndugu yake, Kaloki akaitika, "Naam, kaka." Majina yakaisha. Kitheka alisimama penye usukani, akafunga vifungo vya shati, hadi kile cha shingoni.

Mulwa alimtazama. Upepo ulipita.

"Tuombe," Mulwa akasema.

Wakaomba. Katunge aliitikia Amina, kwa sababu yalikuwa maombi. Kisha wafu wakataka kurudishwa kabla jua halijawa kali, na Kaloki akasikika akisema, "Endesha hicho kitanda polepole, wewe, mgongo unaniuma." Kitheka akavuta tanga.

Jioni alikuja kama kawaida, akafunga mashua kwenye mukau.

"Nilidhani anataka kuniita," akasema. "Ulimwona mdomo?"

"Nilimwona," Katunge akasema. "Alikuwa amefika kwa 'Ki'." Ulikuwa uongo, na alijua atautubu kabla ya kulala.

"Labda mwaka ujao," Kitheka akasema.

Akamwekea muthokoi. Asubuhi aliwapa kuku, akachukua ufagio. Mistari miwili ilikuwa pale uani, imenyooka kama siku zote, lakini safari hii ilikuwa imezama sana ardhini, kwa uzito wa wale aliowabeba. Alifagia pande zote, akaiacha.