Foili za Saluni

Jina lake la mtaani lilikuwa Nyuzi, kwa sababu tangu usichana wake mikono haikumtulia mpaka iguse gita lake la umeme. Aliishi nyuma ya saluni ya wifi yake, mke wa kaka yake. Ukuta mmoja tu ndio uliowatenganisha, na ukuta huo ulikuwa umesikia mengi.

"Wifi, zima hizo draya, napiga!"

"Zima wewe hilo gita lako la nyuki!"

Kila mmoja alikuwa na haki yake. Draya zikiwashwa tu, spika ya Nyuzi ilinguruma hata kabla hajagusa uzi. Siku njema walipeana zamu. Siku mbaya walinuniana hadi saa ya chai.

Basi binti wa wifi yake, yule msusi mwenye saluni, akapata mchumba, harusi ikapangwa. Naye alikuwa kipenzi cha shangazi yake Nyuzi.

"Nitatengenezewa nywele hapa kwa mama," alitangaza, "na shangazi atanipigia gita hapa hapa. Vyote kwa pamoja."

Mawifi wakatazamana. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Nyuzi akampigia simu fundi redio mmoja, rafiki yake wa tangu enzi za bendi. Fundi akamsikiliza, akacheka. "Chini ya lile bamba la plastiki gita lako lina mashimo. Nyaya zilizomo zinadaka kila kelele ya umeme inayopita. Yavike mashimo hayo foili, ile karatasi ya alumini, kila upande, vipande vipandiane chuma kwa chuma, kisha uiunganishe na waya wa ardhi, ule unaozimeza kelele."

"Foili nitaitoa wapi mimi?"

"Dada yangu, si unaishi na msusi? Rangi za nywele anazifungia kwenye nini?"

Asubuhi Nyuzi akaingia saluni mpole kama aliyenyeshewa. Wifi yake akamkabidhi foili alizoomba, akakaa kando kutazama. Nyuzi akalegeza nyuzi za gita, akafungua skrubu, akaanza kupaka gundi. Foili ya kwanza ikachanika. Ya pili ikajikunja kama jani kavu.

"Ondoka hapo," msusi akashindwa kuvumilia. "Kazi ya foili hiyo ni yangu."

Akaibandika taratibu, akiisukuma kwenye kona kwa mkia wa kitana, akiilainisha kwa kidole kama anayelaza nywele za mtoto. Hata nyuma ya bamba akaivika. Nyuzi akakaza waya wa ardhi kwa skrubu juu ya foili, akafunga gita, akalichomeka kwenye spika.

Kimya. Akapiga uzi. Kimya kile kile.

"Umetaka kimya, umepata," alisema msusi, kisha akamwona mwenzake machozi yanamlengalenga. "Basi, wifi, nilikuwa natania. Hebu lifungue tena, tulitazame pamoja."

Wakainamisha vichwa. Msusi ndiye aliyeona: pale waya wa spika unapoingia, ulimi mdogo wa chuma ulikuwa umeegemea foili. Sauti yote ilikuwa ikimwagikia huko huko. Nyuzi akaifunika sehemu hiyo kwa utepe mweusi wa mafundi umeme, akajaribu tena.

Sauti ikatoka safi. Msusi akawasha draya moja. Akawasha ya pili. Akaziwasha zote! Kwenye spika ukabaki mvumo kidogo tu, kama mbu aliye chumba cha pili.

"Wifi!" walipiga kelele kwa pamoja, wakakumbatiana na gita likiwa katikati.

Siku ya harusi bibi harusi aliketi chini ya draya, shangazi akakaa mbele yake, akapiga kwa moyo wote. Bibi harusi akakunja uso.

"Shangazi, mbona hupigi?"

Draya ilikuwa imemziba masikio.

"Ongeza sauti, wifi!" akaamuru msusi, yule yule aliyelikemea gita. Nyuzi akaongeza. Wateja wakainuka, na msusi akacheza mpaka honi ya gari la harusi ikalia mlangoni. Ndipo akashika kichwa, akakumbuka kwamba nywele zake mwenyewe hazijaguswa.