Tundu la Mnong'onezaji

Karel alinipa kurasa kumi na nne za historia ya Opera ya Bonde la Senne, nikazisoma nikiwa nimesimama kwa sababu hakuniambia niketi. Zilitakiwa kwenda kwa mchapaji saa kumi na moja jioni ileile. Miaka hamsini ilikuwa humo, tangu walimu wanne na dereva wa tramu walipoanza kuimba katika kiwanda cha bia kilichofungwa huku Anderlecht mwaka 1974. Opera tatu kwa mwaka. Ziara za kila Aprili katika kumbi za parokia, Halle, Nivelles, Tubize, jukwaa likiwa limefungwa kwa kamba juu ya lori. Jumapili za watoto wa shule. Onyesho la bure la Desemba kwa wagonjwa kule Woluwe, ambako waimbaji huvaa viatu vya mpira ili wasisumbue wodi. Hata paka aliyekuwa akilala ndani ya sanduku la ngoma alikuwa na aya yake.

Mimi nilikuwa ukurasa wa tisa. "Mkongo mmoja wa usafi, ambaye tabasamu lake lilijulikana na wote."

Nilikuwa mnong'onezaji wa kampuni ile kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa asiyejua kazi hii nitaeleza. Mbele ya jukwaa, katikati, kuna tundu lenye kifuniko cha mbao kama gamba la kobe. Mnong'onezaji huketi humo, kichwa chake kikiwa usawa wa viatu vya waimbaji, kitabu cha muziki na taa ndogo mbele yake. Nusu pigo kabla mwimbaji hajafungua mdomo, humpa maneno ya kwanza ya mstari. Kila mstari, si ule uliosahauliwa tu. Ukingoja asahau, umeshachelewa. Na fahari ya kazi yote ni kwamba waliokata tiketi wasikusikie kamwe. Siku wakikusikia, umeshindwa.

Ni kweli niliingia pale mwaka 1982 nikiwa na ufagio. Jioni nilikwenda shule: miaka minne ya kusoma noti za muziki, mitatu ya Kiitaliano, katika darasa moja na makarani waliotaka kwenda likizo Roma. Mnong'onezaji wa zamani alipofariki mwaka 1986, kiongozi wa okestra wa wakati huo alikuwa ameshanisikia nikifagia huku naimba sehemu ya besi nzima bila kukosea neno. Akanishusha tunduni siku hiyohiyo. Lakini mkataba wangu hakuna aliyeugusa. Ulisema usafi siku ya kwanza, na ulisema usafi siku niliyostaafu, mwaka 2017.

"Kuna kosa ukurasa wa tisa," nilimwambia Karel kwa Kifaransa.

Karel ni mwenyekiti wa kamati. Alizaliwa Kalemie, baba yake akiwa mtawala wa wilaya enzi za ukoloni, na Kiswahili alikiokota jikoni, kwa mpishi wao. Hukitumia kwangu tu, na hasa mbele ya watu.

"Bon, Kyungu, weye unasumbua bantu na kintu kidogo. Makaratasi yote iko inasema nettoyage, usafi."

"Nimesema nawe kwa Kifaransa. Kuanzia 1986, nani alikuwa ndani ya tundu?"

"Mi naandika historia. Historia iko na makaratasi."

"Muulize Madame Paula, yuko hapo."

Paula alikuwa ameketi karibu na dirisha, glavu zake mapajani. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa soprano wetu mkuu, na sasa, akiwa na miaka sabini na minane, ndiye aliyetakiwa kuimba Jumapili kwenye sherehe ya miaka hamsini. Aliinua macho yake ya kijivu.

"Monsieur Kyungu, nisikudanganye. Sikuwahi kulitazama lile tundu. Tulikuwa na watu wengi wema humu, lakini maneno yangu niliyajua mwenyewe. Katika maisha yangu sijasahau mstari hata mmoja."

Ningependa kusema alikuwa anadanganya. Hakuwa anadanganya, na hilo liliniuma zaidi. Mwimbaji aliyekulia juu ya tundu hasikii tena mnong'ono. Neno linampanda kutoka miguuni, naye anadhani limetoka kichwani mwake. Paula hakusahau mstari hata mmoja kwa sababu kwa miaka ishirini na minane hakuna aliyempa nafasi ya kusahau.

"Mstari mmoja tu," nilisema. "Jina langu na kazi yangu. Kama nafasi haitoshi, mwondoe paka."

"Paka, bantu banamupenda," Karel alisema, akacheka.

"Na tundu Jumapili?"

"Tunalifunika na maua. Photo itatoka muzuri."

Nilimrudishia kurasa zake. Alizipokea bila kunitazama, akaziweka ndani ya bahasha, akalamba gundi. Nilitazama mpaka alipomaliza kuibana kwa kidole gumba.

Zaituni alinikuta Porte de Namur, kwenye mgahawa ulio karibu na mlango wa metro. Ni jirani yangu wa ghorofa ya tatu, mtu wa Buyenzi, Bujumbura, na hulea wazee majumbani kwao. Hajui opera. Anajua wazee.

"Papa Kyungu, ngoja nielewe," alisema huku akikoroga chai. "Miaka thelathini umekaa ndani ya shimo unawanong'oneza Wazungu wasikuone, na leo unakasirika kwamba hawakukuona?"

"Si shimo. Ni tundu."

"Pardon. Tundu. Lakini ungefagia kwa kelele, papa, wangekukumbuka."

"Wamenikumbuka. Wanasema nina tabasamu."

Zaituni aliweka kijiko chini. "Weye?" Akacheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. "Hawa watu hawakukuona kabisa!"

Nilinunua tiketi mbili za Jumapili, yangu na ya Zaituni, safu ya saba, katikati. Nilivaa suti ya kijivu na ile tai ya siku yangu ya kustaafu.

Ukumbi ulijaa, watu kama mia nne. Kila mmoja alipewa kitabu cha sherehe mlangoni. Saa tisa kamili Karel alipanda jukwaani akasoma historia yake kwa dakika ishirini. Kwenye paka walicheka. Kwenye ukurasa wa tisa walitabasamu, na mama mmoja mbele yangu alisema, "Jamani, inapendeza." Tundu lilikuwa limezibwa kwa ubao, na juu ya ubao palikuwa na maua meupe, makubwa kama kabichi.

Kisha akaingia Paula. Gauni jeusi, mikono mitupu. Hakutaka kitabu mbele yake, na Bram, kijana anayeongoza okestra siku hizi, hakuthubutu kumshauri. Aliimba ule wimbo wa mjane anayekataa kuiuza nyumba ya marehemu mumewe, beti tatu kwa Kiitaliano. Kwenye skrini juu yake yalipita maneno ya Kifaransa na Kiholanzi kwa ajili ya wasikilizaji. Kiitaliano chenyewe hakikuandikwa popote ukumbini mle.

Ubeti wa kwanza ulitoka safi. Sauti ilikuwa imezeeka, lakini ilijua njia. Huo ubeti kila mtu anaujua. Ndio anaouimba mtu akiosha vyombo.

Okestra ikafika mwanzo wa ubeti wa pili. Paula akavuta pumzi, akashusha macho kidogo, upana wa vidole viwili tu, pale pale alipokuwa akiyashusha kila jioni bila kujua. Akakutana na maua.

Mdomo ulikuwa wazi. Hapakutoka kitu.

Bram alirudia mapigo manne. Paula akatabasamu. Bram akarudia tena. Mahali fulani nyuma mtu alikohoa. Karel, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni ya jukwaa, alianza kupekua kitabu chake cha sherehe, kana kwamba maneno yangekuwemo.

"Amepotea," Zaituni alininong'oneza. "Nawajua wakipotea. Papa, mwache. Mwache aanguke."

Nilitaka kumwacha. Naandika hivi waziwazi ili mtu asije akanisifu. Nilihesabu mapigo manane, na katika hayo manane nilimtazama yule mama akipoteza rangi usoni, nikasema moyoni: makaratasi yote yanasema usafi.

Kisha nikasimama. Nikinyamaza, nilijiambia, watasema ni uzee wa Paula, basi. Hakuna atakayejua kilichokosekana.

Sikunong'ona. Nilitoa sauti yote niliyo nayo, ile ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, nusu pigo kabla ya Bram:

"La porta resta aperta!"

Mlango unabaki wazi. Vichwa mia nne viligeuka. Paula hakugeuka. Mwili wake ulipokea mstari kama ulivyozoea, akauimba hadi mwisho. Nikampa wa pili. Akauimba. Nikampa wa tatu. Nilikuwa nimesimama katikati ya safu ya saba, mikono ubavuni, nikimpa kila mstari kwa sauti kubwa, bila huruma, ili hata walioketi kule nyuma, chini ya saa ya ukutani, wasikie nani anatangulia na nani anafuata. Mtu mmoja alisema "Sss!" Zaituni akamgeukia: "Sss mwenyewe!"

Kufikia mstari wa nne ukumbi ulikuwa umeelewa. Nilimwona mama wa mbele yangu akifungua ukurasa wa tisa, akanitazama, akatazama tena ukurasa. Ubeti wa tatu wote nilimpa hivyohivyo. Mistari kumi na sita kwa jumla. Hakukosea hata mmoja.

Walipopiga makofi, niliketi. Mnong'onezaji hainami mbele ya watu. Paula aliinama, na alipoinuka alinitazama, macho makavu, kama mtu aliyepigwa kofi na mtumishi wake. Nami nilimtazama hivyohivyo.

Karel alinikamata kwenye korido, karibu na makoti. Safari hii alisema Kifaransa.

"Umemdhalilisha mama mzima mbele ya watu. Huna aibu?"

"Mimi? Mimi nilikuwa nafagia."

"Ulipaswa kufanya taratibu, asisikike mtu!"

"Nilifanya taratibu miaka thelathini na mmoja. Soma kitabu chako uone nilichopata."

"Jumapili ijayo kuna onyesho la pili. Usikanyage hapa."

"Sawa," nilisema, nikachukua koti langu. "Mwekeeni maua mengine."

Jumanne saa nne asubuhi simu ililia.

"Monsieur Kyungu."

"Madame Paula."

Nilisikia friji ikiguruma nyuma yake.

"Nimejaribu hapa nyumbani. Siku mbili. Nimeyaandika, nimeyabandika jikoni. Ubeti wa pili hauji."

"Haukuwahi kuwa wako."

"Wewe ni mtu mkali sana."

"Kitabu kinasema nina tabasamu."

Alivuta pumzi ile ndefu ya waimbaji. "Sikuombi msamaha. Ulichonifanyia ni kitendo kibaya."

"Ndiyo. Nami sikuombi."

"Utashuka tunduni Jumapili?"

"Karel amesema nisikanyage."

"Karel haimbi."

"Na ukurasa wa tisa?"

"Vitabu vimeshachapwa vyote. Haiwezekani tena, unajua hivyo."

"Madame, mwimbaji akiugua saa ya mwisho, wakaleta mwingine, watu mlangoni huwa mnawajulishaje?"

Katika kampuni yetu, na nadhani katika kampuni zote, huchapwa karatasi ndogo, ikachomekwa ndani ya kila kitabu cha onyesho. Jina la Paula mwenyewe lilichomekwa hivyo zaidi ya mara moja, alipokuwa kijana na wakubwa wakiugua mafua.

"Karatasi," alisema mwishowe.

"Chukua kalamu. Na maua yale mtayaondoa nyinyi wenyewe. Mimi sifagii tena."

Nilisikia droo ikifunguliwa, halafu ikigongwa kufungwa.

"Sema."

"Marekebisho ya ukurasa wa tisa."

"Marekebisho ya ukurasa wa tisa," alirudia, akiandika.

"Tangu mwaka 1986 hadi mwaka 2017."

"Hadi mwaka 2017. Alitusaidia katika..."

"Sijasema alitusaidia. Rudi nyuma. Fuata ninachokupa."

Kalamu ilikwaruza. Alikata neno, akingoja kwa hasira, na kwa hasira hiyohiyo nikaendelea.

"Mnong'onezaji wa kampuni hii alikuwa."

"Mnong'onezaji wa kampuni hii alikuwa," alisema Paula, kalamu ikasimama.

Nikampa jina langu, nusu pigo mbele yake.