Sahani Safi za Mzee Onsongo

Kwamba Mzee Onsongo amelishinda tumbo lake, watu wa kanisa walilisikia kutoka kinywani mwake mwenyewe, Sabato moja, akiwa amesimama mbele na Biblia kwapani. Daktari alikuwa amempata na sukari, akamwambia ile milima ya obokima, ugali wa wimbi wa kwao Kisii, aishushe iwe vichuguu. Akaishusha, alisema, kwa maombi na kujinyima. Wakamwitikia Amina. Tangu siku hiyo, mgonjwa yeyote wa sukari katika vilima vile vya chai nje ya Kericho akionekana anaongeza tonge, aliulizwa kama hajamsikia Onsongo.

Uongo mtupu. Kilicholishinda tumbo la mzee ni unga fulani wa majani, wa kijani, mchungu kama shubiri, alionunua steji ya Kericho kwa kijana mwenye kipaza sauti. "Inakata njaa, inashusha sukari, mzee wangu!" yule kijana alimwambia. Kijiko kimoja kwenye maji ya asubuhi na chakula kinakuwa kama mchanga mdomoni. Mkebe wenyewe aliuficha ndani ya buti lake kuukuu la mvua, mahali ambapo hata mkewe hawezi kutia mkono.

Mkewe, Phelis, alipokuwa nyumbani, unga haukumtesa sana, kwa kuwa mama huyo alikuwa na tabia ya kumsimamia mumewe mpaka ale. Lakini binti yao alijifungua kule Merigi, na Phelis akaenda kumtunza mzazi. Kazi ya kumpikia mzee ikabaki kwa mkaza mwana, Waceke, mama wa Ryan na mke wa mwana wao Mageto, ambaye nyumba yao iko upande wa pili wa ua.

Waceke alikuwa binti wa wenye duka mjini Kericho, Wakikuyu waliotoka Nyeri zamani. Alipoolewa hapo hakujua lolote kuhusu chinsoni, ile heshima ya Wakisii ambayo ndani yake mna aibu: baba mkwe hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, sembuse jikoni, na mke wa mwana hakai kumtazama mkwewe akitafuna. Alijifunza kwa kukosea, na alipojua, alijua kweli. Kila adhuhuri alileta githeri, yale mahindi na maharagwe ya kwao, au mukimo wa viazi vya kuponda, akaweka sahani juu ya kigoda barazani, akasema, "Baba, chakula," akaondoka bila kugeuka nyuma.

Basi hakuna aliyemwona mzee akila, na ukweli ni kwamba hakula. Siku ya afya ilikuwa inakaribia kanisani, yeye ndiye mhubiri, na alitaka asimame akiwa amekaza mkanda tundu moja zaidi. Akaongeza unga ukawa vijiko viwili. Kurudisha sahani imejaa asingeweza. Ingekuwa matusi kwa mpishi, tena watu wangeuliza maswali. Ila palikuwa na mbwa, jina lake Askari, asiyechagua chakula. Mzee aliiteremsha sahani chini ya kigoda, na Askari akaramba mpaka enamel ikang'aa.

"Baba amemaliza tena!" Waceke alimwambia mumewe jioni moja, na sauti ikavuka ua hadi barazani. "Na vile niliogopa hatapenda githeri yangu." Alicheka kwa furaha ya mtu aliyepokelewa hatimaye. Mzee alisikia. Kesho yake akafanya vilevile.

Kosa kubwa zaidi, vidonge vya kliniki hakuviacha. Muuguzi alikuwa amemwonya: hivi vinashusha sukari, usimeze bila kula. Lakini Onsongo alipiga hesabu zake za kizee, akaona kwamba sukari ni adui, na adui hupigwa kwa kila fimbo iliyoko: kidonge, unga na njaa. Hakufikiri kwamba mwili nao uko katikati ya fimbo hizo.

Alhamisi, akiwa shambani kwake anachuma chai, jasho baridi lilimtoka. Vidole vikaanza kutetemeka, majani yakawa yanaanguka nje ya kikapu. Alijua anahitaji kitu kitamu, tena upesi. Nyumbani kwake hapakuwa na hata chembe, maana Phelis alikuwa ameifukuza sukari yote tangu ugonjwa uingie. Miguu ikampeleka yenyewe hadi kwa mwanawe.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Waceke alikuwa nyuma ya nyumba akianika nguo. Na pale mezani, hatua chache tu, palikuwa na bakuli la sukari, kifuniko kando.

Akasimama. Mwili ulisema ingia, chinsoni ikasema thubutu. Angeweza kuita, lakini aite aseme nini? Mama Ryan, niletee sukari? Yeye, aliyeishinda? Akashika fremu ya mlango na kuyatazama yale mabonge meupe, mpaka fremu yenyewe ikaanza kuyumba. Kisha akaanguka, na akaangukia ndani.

Alipopata fahamu, kichwa chake kilikuwa mapajani mwa mke wa mwanawe, na kidole cha mke wa mwanawe kilikuwa ndani ya mdomo wake, kinampaka sukari kwenye fizi. "Meza, baba. Polepole," alikuwa akimwambia, machozi yakimtoka. Suruali ya mzee ilikuwa imelowa, na si kwa jasho. Waceke alikuwa ameifungua leso yake ya kiunoni na kumfunika nayo. Na mlangoni alisimama jirani yao Ombati, mzee mwenzake wa kanisa, kikapu cha chai mgongoni, macho yamemtoka. Mungu angemchukua dakika ile, Onsongo angeshukuru.

Mzee alipokwisha kunywa uji, Waceke alikwenda kumletea suruali kavu na viatu kutoka nyumbani kwake. Alikawia kidogo. Aliporudi alikuwa na suruali na ndara tu, na uso wake ulikuwa umebadilika. Kwenye vidole vyake palikuwa na vumbi la kijani.

Kabla ya jioni Ombati alikwisha kupiga simu, Phelis akafika kutoka Merigi huku bado amefungwa kitambaa cha safari, na Mageto akatoka kazini, kiwanda cha chai. Wakakaa barazani. Phelis hakuuliza hali, aliuliza mkosaji.

"Mama Ryan, ulimpea nini mzee wangu?"

Onsongo akafungua mdomo, akijua kabisa anachotaka kusema, na akakisema: "Labda ni ile githeri ya jana. Haikunikalia vizuri."

Waceke alimtazama mara moja. Hakukuwa na hasira katika macho yake, na hilo lilimchoma mzee kuliko matusi. Kisha akayainamisha.

"Labda maharagwe hayakuiva, mama. Nisamehe."

"Mimi naona hivi," Ombati alisema, akijikohoza. "Mzee ameingia jikoni kwa mtoto wake. Hiyo nyumba lazima isafishwe kimila. Na huyu mama aende kwao kidogo, wazee waketi, tuone."

Mageto hakumtetea mkewe. Aliangalia vidole vyake. Na Onsongo, ambaye neno lake moja lingemaliza mambo, hakulitoa. Aliona aibu ya suruali, aibu ya jiko, aibu ya mimbari. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya leso ile: Waceke alikuwa bado ameishika mkononi, imekunjwa vizuri, upande uliolowa ukiwa ndani ili watu wasiuone.

Phelis akainuka na sahani ya mchana, ambayo ilikuwa bado imefunikwa, akaelekea ukingoni mwa baraza. "Hii apewe mbwa. Askari! Askari, njoo!"

Askari alikuja mbio, lakini hakumwendea. Alipanda baraza, akampita Phelis na sahani yake, akaenda kuketi mbele ya kigoda cha mzee. Akaweka kidevu juu ya goti lake, akamtazama usoni, mkia ukifagia sakafu. Alikuwa mahali pake pa kila siku, anangoja.

"Mbona anakuangalia hivyo?" Phelis aliuliza.

Mageto aliinua kichwa, akamtazama mbwa, akazitazama mbavu zilizopotea katika mafuta. "Huyu mbwa amenona," alisema polepole.

Ulimi wa Onsongo ulikuwa na jibu tayari: mbwa ni mbwa tu. Lakini Waceke alikuwa amegeukia ukuta ili asionekane kwamba anajua. Hilo mzee hakuliweza.

"Mama Mageto, usimwage," alisema. "Chakula chake sijakula. Tangu uende, hata punje. Huyu ndiye amekuwa akila." Akaweka mkono juu ya kichwa cha mbwa. "Angalia ndani ya buti langu la mvua. Hayo ndiyo maombi yangu. Mama Ryan hajanikosea kitu, mimi ndiye nimemkosea, na nimemsingizia."

Phelis aliketi kwenye ngazi, sahani mapajani. Ombati alitafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani, akaaga kwa sauti ndogo.

"Mama Ryan," mzee alisema, "naomba hicho chakula."

Waceke aliichukua sahani kwa Phelis, akaipasha moto, akairudisha. Akaiweka juu ya kigoda kama siku zote. "Baba, chakula." Lakini hakuondoka. Alirudi nyuma hadi kwenye nguzo, akasimama hapo, mikono imeshika leso.

Onsongo alingoja aende, kama heshima inavyotaka.

"Kula, baba," alisema. "Leo nitakuangalia."

Akala. Alikula mbele ya mke wa mwanawe, punje kwa punje, huku mbwa akihamisha macho kutoka sahani hadi usoni mwake. Alipomaliza, Waceke alikuja kuichukua sahani, nayo ilikuwa safi. Aliishika, akainama, akatazama kwanza chini ya kigoda.