Bega la Gaudens

Kelele za "Mwizi!" zilipolipuka mtaani Gerezani adhuhuri ile, Gaudens alikuwa ndani ya duka lake la spea, anafungua boksi la shokapu. Alitoka mbio. Zahoro, fundi wa magari aliyekuwa mteja wake wa miaka mingi, alikuwa kalala kwenye lami, kioo cha pembeni cha gari mkononi, kundi zima limemwangukia. Tofali lilimpata usoni. Jicho likajaa damu.

"Hicho kioo kanunua kwangu sasa hivi!" Gaudens alifoka. Nani amsikie? Akajitosa, akamkumbatia Zahoro kwa mkono wa kushoto, wa kulia akaunyoosha kukinga mateke. Mtu akaudaka mkono ule, akaupinda nyuma, akaulalia kwa uzito wake wote. Bega likalia ko! likachomoka. Gaudens akageuka, akamwona: Fikirini, jirani yake wa duka la pili.

Polisi waliwatawanya watu kwa virungu. Zahoro alipona, ila jicho moja likapotea. Bega la Gaudens lilirudishwa mahali pake hospitali, lakini kila akiinua mkono kutoa kitu rafu ya juu, linatoka tena, naye anapiga yowe mbele ya wateja.

"Ukingo wa gegedu unaozunguka tundu la bega umechanika," Daktari Mauza alimweleza. "Ndio unaouzuia mfupa usiteleze. Nitatoboa matundu madogo, niingize kamera, niukwangue mfupa mpaka utoe damu. Kisha nipigilie vishikizo vitatu mfupani, niufunge ukingo hapo kwa nyuzi."

"Mpaka utoe damu?"

"Bila hiyo haushiki."

Akapigwa nusukaputi, akashonwa. Wiki ya tatu, mkono ungali umefungwa kifuani, Fikirini akaja dukani.

"Kaka, pole. Siku ile sijui hata niliingiwa na nini."

Gaudens alimtandika ngumi ya kushoto mdomoni. Meno mawili yakaruka. Akamfuata amwongeze, akateleza kwenye oili, akaangukia bega lile lile. Alilia bila aibu. Fikirini, damu zikimchuruzika kidevuni, akamwinua na kumpakia bajaji.

Daktari Mauza alilipima bega, akalipiga picha. "Nyuzi zimeshika," alisema kwa hasira. "Lakini mimi sishoni watu ili wakapigane."

Nje, Fikirini alikuwa kwenye benchi, kashikilia kitambaa mdomoni.

"Zahoro umeshamwendea?" Gaudens aliuliza.

"Bado. Namwogopa."

"Inuka twende. Akikupiga, safari hii sizuii mtu."

Fikirini akatema damu, akainuka.