Viti Vikianza Kukauka

Jumamosi asubuhi, baada ya mvua kubwa ya jioni ya Ijumaa, Jescah alitoka na kitambaa kikavu kufuta viti vya bustanini. Alianza na benchi, kwa sababu ndilo lililoshika maji mengi. Akafuta egemeo, akafuta mikono, akainama kufuta miguu iliyosimamishwa juu ya mawe bapa ili isioze kwa matope. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa la jirani, na mbao zikaanza kutoa mvuke mwembamba. Kisha benchi likakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mumewe, kifupi, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kutoa amri. Phineas mwenyewe alikuwa bafuni akinyoa ndevu. Jescah alimsikia kupitia dirishani akipiga mluzi. Benchi likasema kwa sauti ya Phineas, "Huu ndio mzuri. Umenyooka. Anzeni upande huu." Halafu msumeno ukaanza kukata.

Jescah alikunja kitambaa, akasimama kando, akasikiliza mpaka mbao zilipokauka na sauti ikafifia. Kisha akaingia ndani kutengeneza chai.

Viti hivyo alikuwa amevichagua mwenyewe, na kwa makini. Walihamia nyumba ile ya Milimani mwaka wa tisini na tano, Phineas alipopandishwa cheo katika ofisi moja mjini Kakamega iliyohusika na vibali vya mbao. Nyumba ilikuwa na baraza pana ya saruji na bustani iliyoteremka hadi kwenye ua wa miti, na Jescah hakutaka kuburuta makochi nje kila wageni walipokuja. Akaanza kuulizia. Viti vya chuma aliviona Kisumu, vizuri kwa macho, lakini jua la mchana likivipata havikaliki, na kutu yake huchora sakafu. Vya plastiki vilikuwa vimeanza kujaa madukani. Jirani yake Laila alivinunua, na mwaka haukuisha kabla kimoja hakijapasuka chini ya mjomba wake aliyetoka Mumias kuwasalimia. Mbao za saipres ni rahisi kupata, lakini mvua za Kakamega huzila.

"Tafuta mti uliozoea mvua ukiwa hai," seremala Wangila alimshauri. "Ukiwa kiti hautaiogopa."

Phineas akasema mbao angezileta yeye. Zikaja kwa lori, nzito, zenye rangi ya asali iliyoungua. Wangila alizipapasa, akasema ni mutukhuyu, mti mgumu wa msitu wa Kakamega. Jescah aliuliza zimetoka wapi hasa.

"Msituni," Phineas akajibu. "Mbao zinatokanga wapi kwingine?"

Wangila alitengeneza benchi, meza, na viti vya mikono vya kuzunguka meza hiyo. Alipovileta aliacha maagizo: visioshwe kwa sabuni kali, mito isiachwe nje ikinyeshewa, na vipakwe mafuta ya mbao kila msimu wa mvua unapokaribia. Jescah alifuata yote isipokuwa mafuta. Alipenda kuona mbao zikigeuka kijivu polepole, kama nywele za mtu. Kwa hiyo maji yaliingia, na maji yalipotoka yalitoka na maneno.

Katika wiki zilizofuata Jumamosi ile aligundua kwamba kila kipande kilikuwa na sehemu yake. Meza, iliyotoka juu karibu na matawi, ilijua ndege tu, na mbega wakiruka, na upepo. Benchi lilitoka kwenye shina la chini na lilikuwa limesikia mengi. Viti vilisema nusunusu, kwa sababu Wangila alipokata mbao aliangalia urefu na upana, hakuangalia sentensi inaishia wapi. Kiti kimoja kilikuwa na swali bila jibu. Kingine kilicheka tu.

Jambo hilo lilimkera Jescah jinsi kitendawili kinavyomkera mtu kitandani. Kila mvua ilipoacha alitoka kuvihamisha, hiki hapa, kile pale, kutafuta mazungumzo yanyooke. Laila alimwona akihangaika, akavuka ua na kikombe chake mkononi.

"Asalaam aleikum, Mama Linet. Viti vyenu vinaongea vizuri," alisema. "Vya kwetu vya plastiki havisemangi kitu."

"Aleikum salaam. Sikiliza hiki, Mama Jamal. Kinasema 'akiuliza'. Nani akiuliza?"

Laila aliinama, akasikiliza, akaenda kusikiliza kiti kilichokuwa karibu na maua. "Basi leta hiki hapa. Hiki ndicho kimejibu."

Walivipanga. Kisha wakaketi kwenye ngazi za baraza, jua likapanda, mvuke ukatoka, na viti vikasema kwa zamu.

"Na mtu akiuliza, mkubwa?" ilisema sauti ya mwanamume wasiyemfahamu.

"Akiuliza, tutasema ni Were," ilijibu sauti ya Phineas. "Yule anachomanga makaa karibu na mto. Jina lake liko tayari."

Kile kiti cha kucheka kikacheka.

Laila aliweka kikombe chini. "Were wa Muhonja?"

"Wa Muhonja," Jescah akasema.

Muhonja alikuwa mjane wa Shinyalu aliyemletea Jescah mboga, murere na lisutsa, kila alipokuja mjini kumwona mwanawe gerezani. Were alikuwa mtu mzima, mwenye mke na shamba la mahindi. Alifungwa kwa kukata mti mkubwa msituni bila kibali, na ushahidi ulikuwa panga lililokutwa nyumbani kwake. Kila nyumba ya Shinyalu ina panga. Jescah alikuwa akimpa Muhonja sabuni ya kumpelekea Were, na Muhonja alikuwa akimshukuru na kumwombea heri mumewe.

"Utamwambia?" Laila akauliza.

"Nitamkalisha," Jescah akasema.

Muhonja alipokuja tena, mvua ilikuwa imenyesha na bustani ilikuwa inang'aa. Jescah akampokea kikapu, akamwonyesha benchi. Muhonja alisita, kwa sababu alizoea kuketi karibu na mlango wa jikoni, kisha akakaa. Alisikiliza yote mpaka mwisho, mikono yake imetulia juu ya magoti. Msumeno ulipokata alifumba macho. Jina la mwanawe lilipotajwa aliyafumbua.

"Hiyo ni sauti ya Baba Linet," alisema.

"Ndiyo yake."

"Na Were yuko wapi hapo?"

"Hayumo."

"Hayumo kwa sababu hakuwako." Muhonja akasimama, akafunga leso yake upya kiunoni. "Hayo ndiyo nimesema tangu wamchukue. Lakini mimi si mbao."

Jescah alimrudishia kikapu. Akamsindikiza hadi getini, na kwa mara ya kwanza Muhonja hakumwombea mumewe heri.

Siku hiyo, wakila chakula cha mchana, Jescah alimwambia Phineas, "Viti vinasema wewe ndiye uliyekata ule mti."

Phineas alimega tonge la obusuma, akachovya kwenye mchuzi. "Hukuvipaka mafuta."

"Sikuvipaka."

"Na Wangila alisema vipakwe." Hakukasirika. Aliongea kama mtu aliyeambiwa mfereji umeachwa wazi. "Nitanunua mkebe. Jumamosi tuna wageni."

"Na Were?"

"Kesi ya Were ilisikizwa ikaisha, Mama Linet. Niongezee mchuzi."

Wageni walikuwa wa kumpongeza Linet, binti yao, aliyepata nafasi chuo kikuu. Wangekuja wakubwa wa Phineas, mchungaji, na hakimu aliyemhukumu Were, kwa sababu yeye na Phineas walicheza gofu pamoja. Phineas alileta mkebe wa mafuta, na Jescah akasema atavipaka yeye. Akauweka stoo. Jumamosi asubuhi, mumewe alipoenda kuchukua soda, Jescah alichukua kopo la kunyunyizia maua na kuvilowesha viti vyote, kimoja kimoja, hata chini ya sehemu ya kukalia. Kisha akavikausha juujuu ili wageni wasilowe nguo, akavipanga kwa zamu yake, akatandika mito.

Jua lilikuwa kali. Ingokho, kuku wa kienyeji, ilikuwa ndiyo kwanza inapakuliwa benchi lilipokohoa. Mchungaji aliinamisha kichwa akidhani ni sala. Mbega wakaruka mezani, msumeno ukakata, mti ukaanguka kwa kishindo kilichotikisa glasi, na viti vikauliza na kujibu kuzunguka meza nzima. Wageni waliacha kutafuna kwa adabu. Kiti kilichocheka kilikuwa kimekaliwa na mke wa hakimu, naye akangoja kimalize ndipo akaomba chumvi.

"Mbao gani hizi?" hakimu akauliza.

"Mutukhuyu, Mheshimiwa," Phineas akajibu.

"Zinatunza sauti."

Jescah alikuwa amesimama na sinia mkononi. Aliliweka sinia mezani. "Mheshimiwa, aliyefungwa kwa mti huu ni Were wa Shinyalu. Ulimfunga wewe. Viti vimesema si yeye."

Hakimu alifuta vidole kwa kitambaa. Alikuwa mtu mpole. "Nimesikia, mama. Lakini shahidi lazima aape kwanza. Kiti kitaapaje?"

"Hivi ni viti vya mikono," Jescah akasema.

"Mikono vinayo, sikatai. Dini je?"

Wageni wakacheka, kwa kuwa ilikuwa imesemwa vizuri, na hata mchungaji akacheka. Linet, ambaye sherehe ilikuwa yake, hakucheka. Aliinuka kwenye kiti chake, akaenda kusimama kando ya mamake, na wawili hao walibaki wamesimama mpaka wageni walipoondoka. Kabla ya kuingia kwenye gari hakimu alimwambia Phineas kwamba mkewe amevipenda viti hivyo na angependa seti kama hiyo.

Kesho yake Phineas hakwenda kanisani. Alikunja mikono ya shati akavipaka mafuta yeye mwenyewe, akifuata mkondo wa mbao, akiacha yakauke, akirudia. Alifanya kazi nzuri. Mvua iliponyesha, maji yalisimama juu ya mbao kama shanga, yakateleza, na bustani ikawa kimya.

Kiti kimoja hakukipata. Jescah alikuwa amekivusha ua hadi kwa Laila, na Muhonja alipokuja na mboga, wale wawili walimtwisha kichwani. Kilikuwa kile chenye maneno "jina lake liko tayari". Muhonja hakukipeleka nyumbani. Alikipeleka moja kwa moja kwenye kituo cha polisi, akakiweka mbele ya kaunta, akaomba maji, akakimwagia, akakisogeza palipokuwa na jua. Askari wa zamu alisikiliza mpaka mwisho. Alimwita mwenzake, wakasikiliza tena.

"Ni kweli, mama," askari akasema. "Hii ni mbao ya msituni. Uko na kibali?"

"Sina, afande."

"Basi hatuwezi kukuachilia nayo. Shukuru tumekuonea huruma wewe."

Kiti kikaandikwa kuwa kielelezo, na kwa kuwa kaunta haikuwa na kiti kizuri, askari wa zamu akakikalia. Muhonja alitembea hadi gerezani akamweleza Were yote kupitia wavu. Were alimwuliza kama kiti kilikuwa imara. Gerezani alikuwa amefundishwa useremala, na mambo hayo alikuwa ameanza kuyajali.

Seti ya hakimu haikupelekwa kwa Wangila. Ilipelekwa karakana ya gereza, ambako kazi ilikuwa safi na mafundi hawakutoka nje. Mbao zilifika zimenyeshewa. Were alizipanga uani ili zikauke, na zilipoanza kutoa mvuke zikasema. Kulikuwa na kikohozi kile kile, na msumeno, na swali, na jibu. Safari hii jina lililokuwa tayari lilikuwa la Shivachi, mchunga mbuzi wa ng'ambo ya mto, ambaye Were alimjua kwa sura. Askari jela naye alisikiliza, akinywa chai. Kisha Were akachukua randa, kwa sababu kazi ilikuwa inangojewa.

Benchi lilikuwa limebaki kupigwa msasa tu Shivachi alipoletwa karakana. Sare yake mpya bado ilikuwa na alama za kukunjwa. Alisimama akaegemea benchi, hajui mikono aiweke wapi. Were akamsalimia kwa jina, akachana karatasi ya msasa katikati, akampa nusu.

"Mimi sikukata mti wowote," Shivachi akasema.

"Najua," Were akasema. "Mti wenyewe ndio huo unaouegemea."

Shivachi akageuka akaliangalia benchi, egemeo lake na mikono yake. Akalipapasa mara moja. Kisha akachuchumaa upande wa pili, akaanza kusugua.